Nani Anafungua Faili Lako?



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya haya, ndugu zangu, nimeombwa niandike darsa la kompyuta kwa toleo hili. Nimechagua jambo dogo ambalo wengi wetu hatukufundishwa popote: programu gani inafungua faili gani, nani aliyeichagua, na sisi tunaweza vipi kuichagua wenyewe.

Mimi si mwanafunzi wa kompyuta. Nasoma masomo ya Kiislamu, na vitabu vyangu vingi ni vya Kiarabu. Lakini katika hosteli yetu hapa Bukoto laptopu moja hutumiwa na watu watatu au wanne, na kila Jumamosi baada ya Alasiri huketi na wenzangu tukitatua matatizo yake. Maswali huwa ni yale yale. "Sheikh, faili halifunguki." "Sheikh, kitabu kimegeuka alama za ajabu." "Sheikh, kila nikibofya PDF inaniletea intaneti, na bando limeisha." Nimegundua kwamba maswali haya yote yana mzizi mmoja, na mzizi huo ukiueleweka, mtu hahitaji tena kumwita mwenzake.

Mzizi wenyewe ni huu: jina la faili ni dai tu, si ushahidi. Kompyuta hulisadiki dai hilo bila kuuliza, kisha humkabidhi faili wakala uliyemweka, au aliyejiweka mwenyewe ukiwa hujui. Kazi ya kuhakiki dai na kazi ya kumteua wakala ni zako wewe.

1. MAANA YA MANENO

Kama tulivyozoea katika darsa zetu, tuanze na istilahi.

Faili ni mkusanyiko wa data uliohifadhiwa kwa jina moja. Inaweza kuwa insha yako, picha, sauti ya muhadhara, au programu yenyewe.

Kiendelezi ni zile herufi zinazokuja baada ya nukta ya mwisho katika jina la faili. Katika "utafiti.docx" kiendelezi ni .docx, katika "tafsiri.pdf" ni .pdf. Zingatia maneno "nukta ya mwisho", kwa sababu tutayarudia tukifika kwenye hatari.

Programu chaguomsingi ni ile inayoitwa na kompyuta pale unapobofya faili mara mbili bila kutaja programu yoyote. Mfano ulio karibu nasi ni wa wakala katika fiqhi. Muwakkil anamteua mtu afanye jambo kwa niaba yake. Anaweza kumteua kwa jambo moja tu, au kwa kila jambo la aina hiyo. Na wakala si mkataba wa kumfunga mtu milele. Kwa asili yake muwakkil anaweza kumuuzulu wakili wake. Programu chaguomsingi ni vivyo hivyo. Umeiteua, basi unaweza kuiuzulu.

2. KOMPYUTA HUJUAJE?

Mtindo wa kutambua faili kwa kiendelezi ni wa zamani. Mfumo wa CP/M wa miaka ya 1970 uliutumia, na MS-DOS iliyotoka mwaka 1981 ikaurithi: jina lisilozidi herufi nane, nukta, kisha kiendelezi kisichozidi herufi tatu. Ndiyo maana hadi leo viendelezi vingi vina herufi tatu: .txt, .exe, .doc. Windows ilirithi mtindo huo. Ndani yake kuna daftari la mfumo linaloandika kwamba kiendelezi fulani ni cha aina fulani, na aina hiyo hufunguliwa na programu fulani. Unapobofya, Windows husoma herufi za baada ya nukta, hutazama daftari, na kuita programu iliyoandikwa humo. Haifungui faili kwanza kuona ndani mna nini.

Wengine walipita njia nyingine. Macintosh ya mwaka 1984 iliweka pembeni ya kila faili alama mbili za herufi nne nne, moja ya aina ya faili na nyingine ya programu iliyolitengeneza, kwa hiyo faili lilikuwa kama mtu mwenye kitambulisho mfukoni. Mwaka 1992 ukatoka utaratibu wa MIME kwa ajili ya barua pepe, ambapo mtumaji hutaja aina ya kiambatisho kwa maneno kama "image/jpeg". Utaratibu huo ulihamia kwenye tovuti, na Linux pia huutumia. Linux hutazama jina, lakini ina uwezo wa kutazama pia baiti za mwanzo za faili lenyewe.

Baiti hizo za mwanzo ndizo ushahidi wetu. Mafaili mengi yana saini mwanzoni mwake. Fanya jaribio hili leo. Chukua nakala ya faili la PDF, si faili lenyewe, kisha ulifungue kwa Notepad. Utaona maandishi yasiyosomeka, lakini mstari wa kwanza utaanza na %PDF. Fungua nakala ya .docx namna hiyo hiyo, itaanza na PK. Hizo ni herufi za jina la Phil Katz, aliyebuni umbo la mafaili ya zip, kwa sababu .docx kwa ndani ni zip iliyobeba vifaili vidogo vidogo. Na programu ya Windows, yaani .exe, huanza na MZ. Ukimaliza, funga bila kuhifadhi chochote.

Jaribio hili linatufundisha jambo la pili. Kubadili jina si kubadili dhati. Nimeona wenzetu wakipewa amri ya kuwasilisha kazi kwa PDF, wakafuta "docx" na kuandika "pdf", wakaituma wakiwa na amani. Mhadhiri akibofya, programu ya PDF inaitwa, inatafuta %PDF, inakuta PK, na inasema faili limeharibika. Kazi ya muhula mzima ikahesabika kuwa haikuwasilishwa. Majalla ya dola ya Uthmaniya, katika kifungu chake cha 3, huangalia makusudio na maana ya mkataba kabla ya matamshi yake. Kwenye mafaili pia ni hivyo: lililo ndani ndilo lenye hukumu. Ukitaka PDF ya kweli, ndani ya Word chagua kuhifadhi kwa umbo la PDF. Katika LibreOffice kuna amri ya kuhamisha kwenda PDF. Kisha ulifungue mwenyewe kabla hujalituma.

3. KUMTEUA NA KUMUUZULU WAKALA

Kwa Windows 10 na Windows 11, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nenda "Open with", kisha "Choose another app". Utaona orodha ya programu. Hapo una njia mbili. Ukiifungua mara moja tu, umeteua wakala wa jambo moja. Ukiweka alama kwenye "Always", au ukibonyeza kitufe chenye neno hilo, umeteua wakala wa mafaili yote yenye kiendelezi hicho. Ushauri wangu: kama programu huijui vizuri, anza na mara moja.

Ukitaka kuona mawakala wako wote, ingia "Settings", halafu "Apps", halafu "Default apps". Andika kiendelezi, kwa mfano .pdf, nawe utaonyeshwa nani anakishika. Hapo hapo kuna kitufe cha kurudisha mambo yote kama yalivyokuja na Windows, endapo mambo yamevurugika kabisa.

Kwenye Mac, bofya faili kwa kulia, chagua "Get Info", tafuta sehemu ya "Open with", chagua programu, kisha bonyeza "Change All". Usipobonyeza hicho cha mwisho, mabadiliko yatakuwa ya faili hilo moja tu.

Kwenye simu ya Android, ukigusa faili kwa mara ya kwanza huulizwa utumie programu gani, na kama iwe mara moja au siku zote. Ukishachagua siku zote na ukajuta, ingia kwenye mipangilio ya simu, fungua orodha ya programu, chagua ile inayokusumbua, na ufute chaguomsingi zake. Simu itakuuliza upya.

Mambo matatu ya kuzingatia hapa.

La kwanza, programu nyingi zikiwekwa huomba ziwe chaguomsingi, na kiboksi cha kukubali mara nyingi huwa kimeshawekwa alama. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mfumo umeweka kizuizi ili programu isijiteue kimyakimya, bali mtumiaji ndiye achague. Lakini kizuizi hicho hakina faida kwa mtu anayebonyeza "Next" mpaka mwisho bila kusoma.

La pili, chaguo hili huhifadhiwa kwa kila akaunti ya mtumiaji. Kwa hiyo mnaotumia laptopu moja hosteli, kila mmoja afunguliwe akaunti yake. Anayependa kusoma PDF kwenye kivinjari asiwalazimishe wenzake, na mafaili ya mtu yatabaki kuwa siri yake.

La tatu, ukifuta programu kutoka kwenye kompyuta, mafaili yake hayafutiki. Yanakosa wakala tu. Ikoni ikigeuka karatasi nyeupe usilie, wala usikimbilie kulifuta faili. Mtafutie wakala mwingine.

4. MAFAILI YETU SISI

Sasa tuje kwenye mafaili ambayo mwanafunzi wa Kiislamu hukutana nayo kila siku.

PDF ya kitabu. Windows ikija mpya, PDF hufunguliwa na kivinjari cha Edge. Kwa kusoma tu kinatosha, na hakihitaji bando kwa faili lililo ndani ya kompyuta yako. Lakini kwa kitabu cha kurasa mia nane unachotaka kukiwekea alamisho na maelezo ya pembeni, msomaji maalumu wa PDF anafaa zaidi. Na ujue tofauti ya PDF mbili: iliyochapwa, ambayo unaweza kutafuta neno ndani yake, na iliyopigwa picha kutoka kitabu cha zamani, ambayo kwa kompyuta ni picha tu. Usiilaumu programu kwa kushindwa kutafuta neno ndani ya picha.

Faili la .bok. Hili ni umbo la vitabu vya al-Maktaba al-Shamila, maktaba ya Kiarabu inayotumiwa sana na wanafunzi wa sharia na hadithi. Mtu akitumiwa faili hili, hulilazimisha kwa Word, na Word humletea takataka. Sababu ni kwamba .bok kwa ndani si maandishi ya kawaida bali ni hifadhidata ya aina ya Microsoft Access. Wakala wake halali ni programu ya Shamila yenyewe, ambayo huliingiza kitabu kwenye maktaba yako. Usiteue Word kuwa mfunguaji wa .bok kwa "siku zote".

Faili la .txt la Kiarabu. Hapa tatizo linazidi la programu. Kompyuta huhifadhi herufi kwa namba, na zamani Windows ya Kiarabu ilitumia mpangilio wa namba uitwao Windows-1256. Programu inayodhani faili ni la lugha za Ulaya itasoma namba zile zile kwa herufi nyingine, na neno "alhamdu" litatokea kama ÇáÍãÏ. Kitabu hakijaharibika. Anayekisoma ndiye hajui lugha yake. Kifungue kupitia Word, na ukiulizwa aina ya herufi chagua ya Kiarabu ya Windows. Maandishi yakionekana sawa, yahifadhi upya kwa UTF-8, mpangilio wa leo unaobeba Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza pamoja. Onyo: ukilihifadhi faili wakati bado linaonyesha alama za ajabu, unaweza kuliharibu kweli kweli.

Sauti za darsa. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ukihamishiwa kwenye kompyuta huwa na kiendelezi .opus, na baadhi ya vichezeshi havikijui. VLC, ambayo ni ya bure, hukifungua bila shida. Iteue iwe wakala wa .opus, na darsa zote ulizohifadhi zitasikika.

Rasimu ya utafiti. Huyu ndiye aliyewaliza wengi. Msimamizi wako anapoandika maoni pembeni kwa Word, kisha wewe ukalifungua faili kwenye programu nyepesi ya simu, baadhi ya programu hizo huonyesha matini bila maoni. Ukadhani msimamizi ameridhika. Ukilihariri humo na kulihifadhi, tanbihi na mpangilio wa kurasa huenda vikavurugika. Kwenye simu soma tu. Kuhariri iwe kwa programu ile ile uliyoanza nayo, mpaka siku ya kuwasilisha.

5. AMANA YA AYA

Kuna faili moja nataka nilitenge na mengine, kwa sababu kosa lake halimhusu mtu na alama zake za mtihani tu.

Jumuiya zetu hutengeneza matangazo ya mihadhara na Ramadhani, na mara nyingi tangazo huanza na aya. Baadhi ya mafaili ya Mus-haf hutumia fonti maalumu za Mujamma wa Mfalme Fahd wa Madina. Katika seti mojawapo, Mus-haf wa kurasa 604 una fonti 604, moja kwa kila ukurasa, na kila neno la aya limechorwa kama umbo moja ndani ya fonti yake. Uzuri wake ni kwamba maandishi yanafanana kabisa na Mus-haf uliochapwa. Hatari yake ni kwamba fonti ile ikikosekana, neno halina tena kilicholishikilia. Kompyuta nyingine ikilifungua faili lako la .docx bila kuwa na fonti hiyo, itaweka fonti yake, na mahali pa aya patatokea mfululizo wa herufi za Kiarabu zisizo na maana.

Fikiria jambo hilo vizuri. Hazitokei alama za kuchekesha ambazo kila mtu angezishtukia. Zinatokea herufi za Kiarabu. Mchapaji asiyesoma Kiarabu ataona tangazo limekamilika. Wakati fulani ndugu wa kamati alipeleka tangazo la .docx kuchapisha kwenye duka moja mjini, na nakala ya kwanza ilipotoka, aya ilikuwa si aya tena. Ilionekana kwa sababu mmoja wao alisimama akaisoma neno kwa neno kabla nakala zilizobaki hazijachapwa. Lau si hivyo, zingebandikwa kwenye mbao za matangazo zikiwa na maneno yanayonasibishwa na Allah ambayo Allah hakuyasema.

Dawa ni rahisi. Faili linalotoka mkononi mwako kwenda kuchapwa liwe PDF yenye fonti ndani yake. Word na LibreOffice kwa kawaida huingiza fonti zinapotengeneza PDF. Baada ya kutengeneza, lifungue kwenye kompyuta ya mwenzako isiyo na fonti hizo, uhakikishe. Ukifika dukani, iwe ni duka la fotokopi la Bukoto, Wandegeya au kwa wachapaji wa Nasser Road, omba waifungue PDF hiyo hiyo na wasiihamishie kwenye programu nyingine ya kuchora. Na nakala ya kwanza isomwe na mtu anayejua kusoma, kuanzia bismillahi hadi namba ya aya.

6. DAI LA UONGO

Tumesema jina la faili ni dai. Kuna watu wanaojua kwamba kompyuta huliamini dai hilo, nao wanalitumia.

Tarehe 4 Mei 2000 barua pepe yenye kichwa ILOVEYOU ilianza kuenea kutoka Ufilipino, na katika muda mfupi ilizifikia kompyuta za dunia nzima. Kiambatisho chake kiliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Kumbuka maneno yetu: nukta ya mwisho. Kiendelezi halisi ni .vbs, yaani msururu wa amri ambao Windows huutekeleza. Lakini Windows kwa kawaida huficha viendelezi inavyovijua, kwa hiyo watu waliona .TXT tu wakadhani ni barua. Wakabofya. Wakala wa .vbs hasomi barua, wakala wa.vbs anatekeleza amri.

Mtego huo bado unatumika. Faili linaloitwa "Fomu ya udhamini.pdf.exe" litaonekana kwako "Fomu ya udhamini.pdf". Ikoni isikudanganye, kwa maana .exe hubeba ikoni yoyote aliyoipenda mtengenezaji wake. Kinga ya kwanza ni kuonyesha viendelezi vyote. Fungua folda yoyote, nenda "View", na katika Windows 11 kisha "Show", weka alama kwenye "File name extensions". Ni kazi ya dakika moja.

Mtego wa pili unatuhusu zaidi sisi tunaoandika Kiarabu. Kompyuta zina herufi isiyoonekana inayoamuru maandishi yanayofuata yaonyeshwe kutoka kulia kwenda kushoto. Imewekwa kwa haja ya kweli ya lugha kama Kiarabu na Kiebrania. Mhalifu huipachika katikati ya jina. Faili lake kwa hakika ni "matokeo", kisha herufi ile iliyofichika, kisha "cod.exe". Sehemu ya mwisho ikigeuzwa, wewe unasoma "matokeoexe.doc". Macho yanaona .doc na kompyuta inaona .exe. Hapa hata kuonyesha viendelezi hakukuokoi. Angalia safu ya "Type" kwenye folda: ikisema "Application", basi hiyo ni programu, hata jina likidai nini.

Mtego wa tatu ni wa flashi, na sidhani kuna hosteli Kampala isiyoujua. Unachomeka flashi kwenye kompyuta ya watu wengi, ukirudi nyumbani folda zako zote zimegeuka njia za mkato. Njia ya mkato ina kiendelezi .lnk, na Windows hukificha hicho hata ukiwa umeagiza viendelezi vionyeshwe. Alama yake ni kishale kidogo kwenye ikoni. Usizibofye, kwani kila ukibofya unakiendesha kirusi. Mara nyingi mafaili yako hayajafutwa, yamefichwa tu. Kwanza safisha kompyuta na flashi kwa programu ya kuzuia virusi. Kisha fungua dirisha la amri, na kama flashi yako ni E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yatajitokeza. Yanakili, kisha fomati flashi.

Mtego wa nne uko kwenye simu. Faili la .apk si picha wala waraka, ni programu inayotaka kuingizwa. Mwaliko wa harusi hauhitaji kuwa .apk. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, simu huuliza kama unairuhusu programu fulani, kwa mfano WhatsApp, kuingiza programu kutoka nje ya duka rasmi. Jibu liwe hapana.

Suratul Hujurat, katika aya ya 6, inatufundisha kuhakiki habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Mwenzako akikutumia faili, huenda yeye mwenyewe hajui kwamba amelituma. Kirusi kimelituma kwa jina lake. Mpigie simu umuulize. Si dhana mbaya kwake, ni hifadhi kwake na kwako.

7. KAZI YA WIKI HII

Ndugu yangu, dada yangu, elimu bila amali ni mti usio na matunda. Kabla ya Ijumaa ijayo fanya haya:

(a) Onyesha viendelezi kwenye kompyuta yako.

(b) Ingia "Default apps" uwaangalie mawakala wa .pdf, .docx, .txt, .mp3 na .opus. Kila usiyemteua wewe, mbakize au umuuzulu kwa kujua.

(c) Kama laptopu ni ya watu wengi, fungueni akaunti tofauti.

(d) Tengeneza PDF ya rasimu yako, uifungue kwenye kompyuta nyingine, ulinganishe tanbihi na maandishi ya Kiarabu.

(e) Flashi ya kupeleka dukani iwe na faili moja tu, lile la kuchapwa. Utafiti wako na orodha ya wanachama wa jumuiya havina haja ya kusafiri nalo.

Maswali ya kujipima:

1. Faili linaitwa "ratiba.docx.scr". Kiendelezi chake ni kipi, na je, utalifungua?

2. Mwenzako amebadili jina la "insha.odt" likawa "insha.docx". Je, amebadilisha umbo lake?

3. Kitabu cha .txt kinaonyesha ÇáÍãÏ. Utafanya nini kwanza, na utajiepusha na nini?

4. Kwa nini tangazo lenye aya lipelekwe kwa PDF na si kwa .docx?

Atakayeshindwa swali lolote, asione haya kuuliza. Tunakaa Jumamosi baada ya Alasiri, na anayekuja na laptopu yake aje pia na chaja.

Namuomba Allah (S.W.) atujaalie elimu yenye manufaa, atuhifadhie kazi zetu, na atufanye waaminifu katika kila tunachoandika na kila tunachokifungua. Amin.

Wabillahi tawfiq.